Mpagazi Hakuwa Lazima Mtumwa

Wenyeji wengi wa Kasekese na vijiji vingine vya Mpanda wanaishi mijini, na watoto wao sasa wanauliza: babu zetu walikuwa nani? Jibu huja mara nyingi kwa neno moja la kazi: mpagazi, mnyapara, jumbe, manamba. Lakini neno hubaki, kazi yake ikabadilika. Asiyejua hilo humzulia babu yake sifa au aibu isiyo yake.

Tuanze na mpagazi. Zipo familia zinazoona haya kulitaja neno hili, zikidhani aliyebeba mzigo wa mwenzake alikuwa mtumwa. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo ilitegemea sana vibarua, hasa Wanyamwezi. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, wakalipwa nguo na shanga. Mbele alitembea kirangozi, mjuzi wa njia. Kila kundi lilikuwa na mnyapara wake, mtu mzima aliyewasemea wenzake mbele ya mwenye msafara. Watumwa nao walikuwamo safarini, ni kweli. Lakini neno mpagazi peke yake si ushahidi wa utumwa.

Hata hivyo, tazama mwaka. Mpagazi wa mwaka 1880 huenda alijiendea mwenyewe kutafuta mali. Mpagazi wa mwaka 1916, Wazungu walipokuwa wakipigana katika nchi hii, mara nyingi alikamatwa kijijini akabebeshwa risasi na chakula cha askari. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Neno ni lile lile, maisha ni mawili.

Na mnyapara je? Leo tukilisikia neno hilo tunafikiria gereza. Kumbe babu aliyeitwa hivyo huenda aliongoza msafara, au baadaye alisimamia vibarua shambani.

Jumbe naye si mjumbe wa nyumba kumi. Wakati wa Wajerumani, jumbe alisimamia kijiji kwa niaba ya serikali, akikusanya kodi na kutafuta vibarua. Wala asichanganywe na mtemi, aliyetawala kwa haki ya ukoo hadi serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963.

Manamba walikuwa vibarua wa mkataba, hasa katika mashamba ya mkonge. Waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Kama nyumbani kuna kipande cha zamani, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, msikitupe: hicho ni cheti cha historia yenu.

Basi tufanye nini? Mzee akikutajia kazi ya babu, muulize mambo matatu: ilikuwa miaka gani, alimfanyia nani, na alilipwa nini. Kisha linganisha na maandishi. Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani, kama ile ya Karema iliyoshikwa na Mapadri Weupe mwaka 1885, husaidia kupata majina ya wazazi. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zinahifadhi majalada ya utawala wa wakoloni.

Majalada yatatungoja. Wazee hawatatungoja. Ukienda likizo safari hii, usipeleke sukari na khanga tu. Peleka na daftari.