Meseji Moja, Uchumba Rehani!

Shosti wangu mmoja nusura ampoteze mchumba kwa sababu ya kineno "am". Jamaa ni Mghana, Kiswahili hakipandi, kwa hiyo mahaba yao yote ni kwa Kiingereza. Usiku mmoja, mapenzi yamemjaa, shosti akatuma meseji: "I used to love you." Mwenyewe alitaka kusema nimezoea kukupenda. Mwenzie akasoma: zamani nilikuwa nakupenda. Yaani kapigwa chini! Siku tatu simu haipokelewi.

Jamani, "used to" ikifuatwa na kitenzi ni habari ya zamani, imekwisha. Ukitaka mazoea, tanguliza "am" na kitenzi kipe mkia wa "-ing": "I am used to loving you." Ila na hiyo nayo, tuseme ukweli, haina utamu. Ni kama umemzoea vile unavyozoea foleni ya asubuhi. "I love you" tu ingetosha.

Chunga pia "alone" na "lonely". Ya kwanza maana yake hakuna mtu mwingine hapo ulipo. Unaweza kuwa "alone" na kikombe chako cha chai, raha mustarehe. "Lonely" ni upweke wa moyoni, na wapo wanaoulalia kitanda kimoja na waume zao. Sasa mwandikie kijana saa nne usiku "I am alone" uone kama hajagonga mlango!

Halafu kuna wivu. Kumlinda wa kwako asichukuliwe ni "jealous". Kutamani mume au gari la mwenzio ni "envious". Wenyewe Waingereza husema "jealous" kwa yote mawili, lakini "envious" haimlindi mtu.

Tusijione sisi ndio wenye upungufu, maana Kiingereza nacho kina "sorry" moja inayobeba pole na samahani. Hiyo ndiyo iliyommaliza shosti. Siku ya nne akaandika "I am sorry", akiomba msamaha. Jamaa, aliyekwisha amini kaachwa, akaona anapewa pole ya kuachwa!

Ikabidi apigiwe kwa simu ya dada mtu ndipo akapokea. Walielewana usiku huohuo. Siku hizi Mghana anajifunza Kiswahili, na bado anachanganya "nilikupenda" na "nakupenda".