Mwandishi aliyelipwa dola milioni 41 kabla ya kuchapa vitabu

MFANYABIASHARA yeyote wa mpakani anajua uzito wa malipo ya kabla. Mteja hatoi fedha kwa mzigo asiouona mpaka awe anamwamini muuzaji. Machi 2022, mwandishi wa Marekani, Brandon Sanderson, alipata wateja wa namna hiyo 185,341 ndani ya siku 30.

Sanderson huandika riwaya za njozi na za sayansi ya kubuni, zenye nchi zisizokuwapo na watu wanaopata nguvu za ajabu kwa kumeza madini. Wakati wa janga la korona, safari zake zilipokatika, aliandika riwaya nne kimyakimya. Kisha akaomba dola milioni 1 kupitia Kickstarter, mtandao ambao watu hulipia bidhaa kabla haijatengenezwa. Zikaingia zaidi ya dola milioni 41.7. Rekodi ya awali ya mtandao huo, dola milioni 20 za saa ya Pebble mwaka 2015, ikazidiwa maradufu.

Aliyetaka riwaya zote nne kwa njia ya kielektroniki alilipa dola 40. Mwenye kutaka za karatasi, zenye jalada gumu, dola 160. Fedha hizo hazikuwa faida tupu. Kampuni yake, Dragonsteel, ilibeba mzigo wa kuchapisha, kufungasha na kusafirisha.

Umaarufu huo ulijengwa polepole. Akiwa mwanafunzi jimboni Utah, alifanya kazi ya zamu ya usiku hotelini ili apate saa za kuandika. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, Elantris, ilitoka mwaka 2005, naye alikuwa ameshaandika miswada mingine mingi iliyokosa mnunuzi.

Mwaka 2007 mwandishi Robert Jordan alifariki akiacha mfululizo wake, The Wheel of Time, bila mwisho. Mjane wake, Harriet McDougal, alimchagua Sanderson aumalize. Alitoa vitabu vitatu, cha mwisho Januari 2013, na wasomaji wa Jordan wakamjua kuwa ni mtu wa kukamilisha kazi.

Hata kabla ya 2022 alipima soko kwanza. Mwaka 2020 alitangaza toleo la jalada la ngozi la The Way of Kings, likaleta zaidi ya dola milioni 6. Kwenye tovuti yake huonyesha kwa asilimia kila kitabu kimefika wapi, na kila mwisho wa mwaka huwaandikia wasomaji taarifa ya kazi zake.

Riwaya zile nne zilitoka mwaka 2023, moja kila robo ya mwaka, kama alivyoahidi.

Kwa anayevusha mzigo mpakani, hapo pana funzo. Mteja aliyekwisha kulipa huuliza mambo mawili: mzigo umefika wapi, na nitaupata lini? Anayemjibu kabla hajauliza ndiye atakayeaminiwa tena safari ijayo.