Somo la Redio: Kutia Nuru Mahali Penye Giza Katika Picha

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na mwalimu wa darasa ashike chaki. Leo tutajifunza jinsi ya kutia nuru mahali penye giza katika picha, bila ya kuharibu mahali penye nuru tayari.

Maneno ya leo ni matatu. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni kwa herufi kubwa: MWANGAZA. TABAKA. BARAKOA. Yasomeni pamoja, polepole. Vizuri sana.

Nianze na habari ya nyumbani kwetu. Bibi yangu, mzaa mama, alipigwa picha moja tu katika uzee wake. Alisimama mchana mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Alijifunga kanga ya kisutu, na kichwani alijitanda mtandio mweupe. Jua lilikuwa kali. Ukuta ulitoka mweupe, na mtandio ulitoka mweupe, lakini uso wake ulitoka wa giza hata macho hayakuonekana vizuri.

Alipofariki, tuliipeleka picha ile katika studio moja ili uso upate kuonekana. Siku ya tatu tukapewa picha mpya. Uso ulionekana, ndiyo, lakini ulikuwa umepauka kama majivu. Tena mtandio ulikuwa umepotea ukutani, hata hukuweza kujua kichwa kinaishia wapi. Mama aliitazama, akairudisha ndani ya bahasha, akasema, "Huyu si mama yangu."

Je, kosa la fundi lilikuwa nini? Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliongeza nuru sawasawa katika picha nzima, na hali mahali palipohitaji nuru palikuwa pamoja tu. Ili tulifahamu jambo hili, yatupasa kwanza tujue picha ni kitu gani ndani ya kompyuta.

Utazame mkeka. Kwa mbali waona ua au nyota, lakini ukisogea waona kuti moja moja za ukindu zilizosukwa pamoja. Picha ya kompyuta nayo ni hivyo. Imefanywa kwa vipande vidogo vidogo sana vya rangi, na kila kipande kina namba za kuonyesha nuru yake. Nuru hiyo ndiyo tunayoiita MWANGAZA. Katika picha za kawaida, namba zaanza 0 mpaka 255. Sifuri ni nyeusi kabisa. 255 ni nyeupe kabisa. Namba za katikati ni kijivu, ama cha giza ama cha nuru.

Sasa tupige hesabu ya picha ya bibi. Mwalimu, andika ubaoni:

Uso: 60.
Mtandio: 225.
Ukuta: 240.

Kati ya mtandio na ukuta pana tofauti ya 15. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokuwezesha kuona mtandio umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Tuseme fundi aliongeza 40 kila mahali. Uso ukawa 100. Mtandio ungekuwa 265, lakini namba haipiti 255, basi ukakomea 255. Ukuta nao ungekuwa 280, ukakomea hapo hapo 255. Tazama basi! Mtandio na ukuta sasa vina namba moja, na tofauti imekufa. Nuru iliyompa bibi uso ndiyo iliyomnyang'anya mtandio.

Mafundi wa zamani, waliosafisha picha katika chumba cha giza, waliijua taabu hii. Walipokuwa wakimulika karatasi ya picha, walikinga mahali fulani kwa mkono, au kwa kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye waya. Mahali palipokingwa palitoka peupe zaidi, kwa sababu karatasi ile huwa nyeusi kila inapopata nuru. Pengine walitoboa tundu katika karatasi ngumu, wakapitisha nuru mahali pamoja tu ili pawe peusi zaidi. Ilikuwa kazi ya mkono na macho, na mkono ukitetemeka alama hubaki pichani.

Katika kompyuta tunayo njia nyingine. Tunaiambia picha yenyewe itwonyeshe wapi pana giza na wapi pana nuru. Kinga hiyo inayotengenezwa na picha yenyewe ndiyo huitwa barakoa ya mwangaza. Bwana mmoja mpiga picha wa Marekani, Tony Kuyper, aliandika maelezo ya njia hii mwaka 2006, na wapiga picha wengi wakajifunza kwake.

BARAKOA mwaijua: hufunika mahali na kuacha mahali wazi. Lakini hii ya leo ina jambo la ziada. Fikiri dirisha la nyumba yako. Ukiliacha wazi, nuru yote huingia. Ukitia pazia jepesi, huingia kiasi. Ukitia pazia zito, haiingii. Katika barakoa, nyeupe ni dirisha wazi, kijivu ni pazia jepesi, na nyeusi ni pazia zito. Kwa kuwa kijivu ni cha namna nyingi, nuru huongezeka kidogo kidogo, wala hapaonekani mpaka kama wa wembe.

TABAKA ni neno la mwisho. Ni picha juu ya picha, kama karatasi mbili zilizolazwa pamoja. Tunabadilisha ya juu, na ya chini hubaki salama.

Haya, sasa kazi yenyewe. Tutatumia programu iitwayo GIMP, ambayo haina malipo. Fuateni hatua hizi:

Kwanza. Fungua picha, kisha uihifadhi nakala yake mahali pengine. Usifanye kazi juu ya picha ya asili hata siku moja.

Pili. Nakili tabaka, ili upate mawili yanayofanana.

Tatu. Tabaka la juu ulitie barakoa. Programu itakuuliza barakoa iwe ya namna gani. Chagua ile ya nakala ya kijivu ya tabaka lenyewe. Sasa ukuta ni dirisha wazi, na uso una pazia. Lakini sisi twataka kinyume chake.

Nne. Basi igeuze barakoa, nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe. Sasa uso uko wazi, na ukuta umefunikwa.

Tano. Bonyeza juu ya picha ya tabaka, si juu ya barakoa. Wengi husahau hatua hii, wakaipa nuru barakoa badala ya picha.

Sita. Ongeza nuru polepole, huku ukitazama uso.

Turudi ubaoni tuone faida. Barakoa iliyogeuzwa, penye uso ina namba 255 kutoa 60, yaani 195. Hiyo ni kama robo tatu ya 255. Kwa hiyo katika zile 40, uso umepata kama 31, ukawa 91. Mtandio, ambao barakoa yake ni 30 tu, umeongezeka kama 4, ukawa 229. Ukuta umeongezeka 1, ukawa 241. Bado pana tofauti ya 12 kati ya mtandio na ukuta. Kila kitu kimebaki mahali pake, na uso umetoka gizani.

Lakini sikiliza maonyo mawili.

La kwanza: barakoa haiwezi kurudisha kisichokuwapo. Mahali palipo 0 kabisa, au 255 kabisa, hapana habari iliyofichwa. Hapo ni kama ukurasa ambao haukuandikwa. Taa haitakusaidia kuusoma. Kwa hiyo unapopiga picha, msogeze mtu kivulini, au mgeuze uso wake uelekee nuru. Dakika moja ya kumpanga mtu yashinda saa nzima ya kompyuta.

La pili ni kubwa zaidi. Kutoa uso gizani si kubadili rangi ya mtu. Mtu mweusi akionekana vizuri bado ni mweusi. Ukiendelea kuongeza nuru mpaka ngozi yake ipauke, umeacha kumwonyesha yeye, umemfanya mtu mwingine. Simama mara tu uonapo macho, mdomo na mikunjo ya uso. Kisha muulize anayemjua: "Je, huyu ndiye?"

Mimi nilifanya hivyo. Niliirudia picha ile ya asili kwa njia hii niliyowaeleza, nikampelekea mama. Aliishika muda mrefu. Halafu akaweka kidole juu ya pua, mahali ambapo zamani palikuwa giza tupu, akasema, "Kumbe kipini chake kilionekana." Picha ile sasa iko ukutani kwetu.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini mtandio wa bibi ulipotea katika picha ya studio?
2. Katika barakoa, rangi gani huruhusu badiliko lote kupita? Rangi gani huzuia?
3. Shati lina mwangaza wa 205. Barakoa iliyogeuzwa itakuwa na namba gani hapo?
4. Tafuta nyumbani picha moja ambayo uso wa mtu umekuwa wa giza. Andika mistari mitatu: ni nani, alipigwa wapi, na nuru ilitoka upande gani.

Jibu la swali la tatu ni 50. Ukilipata, umelifahamu somo. Usipolipata, usione haya. Soma tena kuanzia pale penye ubao, ukapige hesabu pamoja na mwenzako.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutaonana katika somo lijalo.