Laptopu inachelewa kulala? Mchunguze tachipadi kabla ya kununua betri

Unafunika laptopu Mbinga mjini, unaitia begini, unapanda gari la kushuka Mbamba Bay. Ni kilomita 60 na ushee tu hadi Ziwa Nyasa, na kazi yenyewe iko huko: kupima dagaa wavuvi wanaporudi alfajiri, kuhoji watu, kuingiza namba kwenye jedwali. Ukifika unafungua begi, laptopu ina joto kama sufuria, betri imebaki asilimia 9. Kumbe njia nzima ilikuwa macho.

Hapo wengi wetu tunailaumu betri. Lakini kama kila ukifunika laptopu taa yake inachukua sekunde nyingi kabla ya kutulia, au feni inaendelea kuzunguka, betri inaweza kuwa haina kosa lolote. Kuna kifaa ndani ya mashine kinachogoma kulala. Mmoja wa watuhumiwa wanaosahaulika sana ni tachipadi, ile sehemu unayopapasa kwa kidole kusogeza mshale.

Kulala ni kazi

Laptopu inapolala, RAM inaendelea kupata umeme kidogo ili kazi zako zisipotee, na sehemu nyingine karibu zote zinazimwa. Lakini haizimi kwa mpigo. Kwanza mfumo unazisimamisha programu zote. Kisha unapita kifaa kimoja kimoja (wifi, diski, kamera, tachipadi) na kukiambia kijiandae. Anayepokea ujumbe huo ni draiva, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kifaa husika.

Mfikirie mwalimu wa zamu anayepita mabwenini usiku. Hazimi taa mpaka kila kiranja aseme watu wake wametimia. Kiranja mmoja akikawia, bweni zima linasubiri. Akisema kuna tatizo, zoezi linavunjwa na taa zinabaki zinawaka. Na laptopu ni hivyo hivyo: draiva ikichelewa, kulala kunachelewa; ikirudisha kosa, mfumo unaweza kughairi kulala kabisa, mashine ikabaki macho ndani ya begi.

Mwanafunzi mmoja, viranja wawili

Sasa, kwa nini tachipadi? Kwa sababu nyingi zina milango miwili ya mawasiliano. Mlango wa zamani unaitwa PS/2, jina lililotokana na kompyuta za IBM za mwaka 1987. Unafanya kazi, lakini ni wa polepole. Mlango wa kisasa ni SMBus au I2C, unaopitisha taarifa nyingi zaidi, kwa mfano vidole vitatu vikigusa kwa pamoja.

Kwenye Linux, mlango wa PS/2 unasimamiwa na draiva iitwayo `psmouse`. Ikikuta tachipadi ya Synaptics yenye milango miwili, inaweza kuikabidhi kwa draiva nyingine, ya familia ya RMI4, ipite SMBus. Makabidhiano yakienda sawa, hutajua hata kama yalifanyika. Yasipoenda sawa, mwanafunzi mmoja yuko kwenye orodha za viranja wawili. Wakati wa kulala, draiva moja inatuma amri kwenye mlango ambao tachipadi haiusikilizi tena, inasubiri jibu, halikuji, inajaribu tena. Kwenye PS/2 amri nyingi husubiriwa takriban nusu sekunde, lakini ile ya kuianzisha tachipadi upya hupewa hadi sekunde 4. Zikirudiwa mara kadhaa, tayari umepata ule ucheleweshaji unaokukera.

Pima kwanza

Usikurupuke kufuta mfumo wote. Kama unatumia Linux, andika:

`echo 1 | sudo tee /sys/power/pm_print_times`

Lalisha laptopu, iamshe, kisha andika:

`sudo dmesg | grep usecs`

Utaona kila kifaa na muda kiliotumia, kwa sehemu za milioni za sekunde. Namba kama 3000 ni kufumba na kufumbua. Ukikuta 4000000 karibu na jina kama `serio1`, `rmi4` au `i2c_hid`, umempata mtuhumiwa. Lakini ukikuta mstari unaosema kusimamisha programu kumeshindikana baada ya sekunde 20, muache tachipadi. Tatizo liko kwenye programu iliyogoma kusimama.

Ushahidi wa pili ni wa kumtoa mtuhumiwa nje. Chomeka mausi ya USB, andika `sudo modprobe -r psmouse`, kisha lalisha tena. Fanya mara tatu ukiwa na draiva, mara tatu bila draiva. Mara moja haitoshi, inaweza kuwa bahati tu. Tofauti ikijirudia, umethibitisha. Kurudisha draiva andika `sudo modprobe psmouse`.

Kutibu

Dawa ni kubakiza mlango mmoja. Kwa tachipadi ya Synaptics, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/tachipadi.conf` lenye mstari huu:

`options psmouse synaptics_intertouch=0`

Sifuri inaibakiza kwenye PS/2, moja inaipeleka SMBus. Kwenye Ubuntu malizia na `sudo update-initramfs -u`, uwashe mashine upya, upime tena. Sifuri isiposaidia, jaribu moja. Baadhi ya laptopu za Acer zina chaguo hili kwenye BIOS: `Basic` ni PS/2, `Advanced` ni I2C.

Usiifungie `psmouse` moja kwa moja bila kufikiri. Kwenye ThinkPad, kile kitufe chekundu katikati ya kibodi mara nyingi kinaitegemea draiva hiyo hiyo, nacho kitakufa.

Kwa wa Windows: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /a` kuona aina za kulala ambazo mashine yako inaziweza. Kama inatumia Modern Standby, `powercfg /sleepstudy` itakutengenezea ripoti inayoonyesha kilichoizuia kupumzika. Tachipadi ikitajwa, ondoa draiva yake kwenye Device Manager, kisha weka moja tu, ile ya mtengenezaji wa laptopu yako kwa modeli yako. Zile programu za "kusasisha draiva zote" ndizo mara nyingi zinazoleta kiranja wa pili.

Fanya haya yote ukiwa bado mjini, penye umeme na intaneti ya kueleweka, siku moja kabla ya kushuka ziwani, na nakala ya data yako ikiwa kwenye flashi. Kwa safari yenyewe, kama hujamaliza kuthibitisha, zima kabisa. Kuwasha upya ni dakika moja au mbili. Data ya asubuhi nzima ufukweni haikusanywi mara ya pili, maana dagaa wale wameshauzwa.