Cucumber Haimjui Aliyeko Dunguni

Nimeulizwa tena: "Mtaalamu, kati ya Cucumber na Behave, ipi bora?" Huwa najibu kwa swali: nani atayasoma hayo majaribio? Wengi hunyamaza hapo.

Anayeuliza hivyo anajua BDD ni nini, kwamba tabia ya mfumo huandikwa kwa mifano ya Given, When na Then kabla msimbo haujaandikwa, kwa hiyo darasa hilo silirudii. Ninachotaka kukizika leo ni imani moja tu: kwamba ukishafunga zana hizi za BDD, afisa wa halmashauri asiyejua programu ataandika majaribio mwenyewe, wewe upumzike. Hataandika.

Kwanza, chini ya kila sentensi ya jaribio kuna kipande cha msimbo kinachoisubiri neno kwa neno. Afisa akiandika "mtoto amezaliwa", zana inatulia. Akiandika "watoto wawili wamezaliwa", inalalamika kwamba hatua hiyo haijafafanuliwa. Cucumber ina ujanja wa kuivumilia ile "s" ya wingi wa Kiingereza mwishoni mwa neno, lakini wingi wetu uko mbele, kwenye jina na kwenye kitenzi pia, na ukibadili mtu kuwa kaya, upatanisho wote unahama. Utajikuta unatunza ruwaza tatu kwa tukio moja. Pili, faili za majaribio hayo zinakaa kwenye Git. Afisa gani pale Utete, Rufiji, anaamka asubuhi kufungua Git?

Tatu, tazama kinachoandikwa kweli kwenye miradi: "Nikiwa ukurasa wa kuingia, nikijaza jina, nikibofya kitufe cha Endelea, basi nione ukurasa wa mwanzo." Huo ni mwenendo wa kipanya. Kitufe kikiandikwa "Ingia" badala ya "Endelea", majaribio yanaanguka kwa mafungu na hakuna kanuni hata moja ya kazi iliyovunjika. Na sasa waganga wameleta dawa mpya: ipe akili unde msimbo uliokwisha kuandikwa, ikuzalishie faili za majaribio. Itazalisha, tena kwa wingi. Kitakachothibitishwa ni kwamba msimbo unafanya kile unachofanya, makosa yakiwemo.

Aslak Hellesøy, aliyeitoa Cucumber mwaka 2008, ameandika mwenyewe kwamba watu wameielewa vibaya zana yake. Aliikusudia iwakutanishe watu wazungumze. Wazungumze nini? Twende Rufiji.

Kuanzia Novemba 1998, kaskazini mwa mto, upande wa Kibiti na Ikwiriri, wadadisi walikuwa wakipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kanuni za mfumo wa namna hiyo ni za mfuatano wa matukio: aliyehama hawezi kuandikwa amefia kijijini kabla hajaandikwa amerudi. Hiyo hata msanidi ambaye hajawahi kuvuka Mbagala ataiandika bila kuuliza mtu.

Sasa sema unatengeneza mfumo kama huo kwa ajili ya Mohoro, hukohuko Rufiji, leo. Umeweka kanuni mezani: asiyeonekana nyumbani miezi minne amehama. Lakini mkulima wa bondeni huenda kukaa dunguni, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, akalinda mpunga dhidi ya nguruwe mwitu na nyani hadi avune. Kanuni yako imeifuta kaya iliyo hai. Na wale waliokimbia mafuriko ya Aprili 2024 na kulala kambini, wamehama au hawajahama? Ndipo unapoandika mfano, karatasini, bila zana yoyote:

Kwa kuwa Mwajuma ni mkazi wa Mohoro
Na yuko dunguni tangu Februari
Mdadisi anapopita mwezi Juni
Basi Mwajuma abaki kwenye orodha ya kaya yake

Msomee mwenyekiti wa kitongoji. Atakwambia: "Huyo hajahama, mwanangu, yuko shamba. Ila mumewe ana mke mwingine Ikwiriri. Huyo mume mtamhesabu wapi?" Swali hilo hukuwa nalo asubuhi, na hakuna zana ambayo ingekuuliza. Likikosa jibu sasa, litajibiwa na hifadhidata yenye mtu mmoja mara mbili.

Haya, zana. Kama wasomaji ni wasanidi peke yao, achana na zote. Pytest au JUnit yenye majina ya majaribio yanayoeleweka inatosha. Python: kama tayari mnatumia pytest, chukueni pytest-bdd, mtatumia maandalizi (fixtures) mliyonayo; kama hamtumii, Behave. Java: Cucumber, na mradi mpya usiuanze na JBehave. PHP: Behat. Unapima API tu: Karate, haikudai msimbo chini ya kila sentensi. Robot Framework ni ya maneno-amri, ila Given na wenzake inawakubali. Walioko .NET na SpecFlow, zana hiyo ilifika mwisho wake Desemba 2024; hamieni Reqnroll, faili zenu zitahama karibu zilivyo. Na kwa wanaokereka kuona "Given" mbele ya sentensi ya Kiswahili: Cucumber inakubali alama ya nyota mahali pake.