Protini ya samaki wa kufugwa hupimwaje?

Sato anayeuzwa Edmonton, kaskazini mwa London, kwa kawaida hakuvuliwa ziwani. Amefugwa, na kabla ya kufika mezani kwa Mkenya au Mtanzania aishiye huko alilishwa chakula kilichochanganywa kwa vipimo.

Vipimo hivyo hutokana na majaribio, na shabaha kuu ya majaribio hayo ni protini, sehemu iliyo ghali zaidi ya chakula cha samaki. Ikipungua, samaki hudumaa. Ikizidi, fedha za mfugaji hupotea na maji huchafuliwa na amonia.

Watafiti huandaa vyakula kadhaa, tuseme vyenye protini asilimia 20, 25, 30 na 35, na kila kimoja hulishwa katika matangi yasiyopungua matatu kwa wiki kadhaa.

Hapo ndipo penye mtego. Protini ikiongezwa, kitu kingine hupungua. Samaki aliyekosa nishati huichoma protini kama kuni badala ya kujenga nyama, na mtafiti akadhani protini ndiyo haikutosha. Kwa hiyo nishati husawazishwa katika vyakula vyote kwa wanga na mafuta, na pengo hujazwa kwa selulosi, ambayo samaki wengi hawaimeng'enyi.

Wingi pekee hautoshi. Samaki huhitaji asidi amino 10 ambazo mwili wake hauziundi, na soya, kwa mfano, ina upungufu wa methionini. Isitoshe, maabara nyingi hupima nitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25 na kuiita protini. Udhaifu wa njia hiyo ulidhihirika China mwaka 2008, pale melamini, yenye nitrojeni nyingi, ilipogunduliwa katika maziwa ya watoto.

Katika Ziwa Viktoria suala hili linagusa sufuria za watu. Dagaa, yaani omena au mukene, ni kitoweo cha wenye kipato kidogo, lakini viwanda vya chakula cha mifugo navyo huwagombea. Mahitaji yaliongezeka Kenya baada ya serikali kuanza kugharimia uchimbaji wa mabwawa mwaka 2009.

Watafiti nchini humo wamejaribu kuweka unga wa ochong'a, uduvi wanaonaswa pamoja na dagaa, mahali pa unga wa samaki. Kiasi huongezwa hatua kwa hatua, protini na nishati zikibaki zilezile. Kikwazo ni gamba la uduvi: nitrojeni yake huhesabiwa kama protini, ilhali si rahisi kumeng'enywa.