Kabati la Dar, Jua la Dodoma

Mnahamia nyumba mpya na mnataka makabati ya kuchongewa na fundi? Kabla hamjatoa advansi, kaeni chini wawili msome hapa. Sisi tulijifunza kwa kulipa mara mbili.

Ilikuwa Septemba, saa nane mchana, na upepo wa Dodoma ulikuwa unavuma kama kawaida yake. Nimekaa zangu sebuleni, mara nikasikia "taa!" kutoka chumbani, kama mtu amevunja rula. Nikaenda kuangalia. Hakukuwa na mtu. Mlango wa kabati la nguo ulikuwa umepasuka, ufa umeshuka kutoka juu hadi karibu na kitasa. Kabati lenyewe halijafikisha hata miezi mitano!

Mume wangu aliporudi jioni alilitazama kwa muda, akakaa kitandani. "Nilikwambia tununue la dukani," akasema. Nami nikajibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Usiku ule tulilala tumepeana migongo, na chanzo ni mbao.

Mwaka ule, 2019, tulikuwa tumehamia Dodoma kikazi kama familia nyingi za wafanyakazi. Mji huu ulichaguliwa kuwa makao makuu tangu 1973, lakini ni kuanzia 2016 ndipo maofisi yalipoanza kuhama kweli kweli. Kwa vile tulikuwa na fundi wetu Dar, tukamwagizia makabati huko huko: la nguo, na ya jikoni. Aliyachonga mwezi wa Aprili, masika imepamba moto. Mei tukapakia kwenye lori. Tulifikiri tunahamisha fanicha. Kumbe tulikuwa tunaitoa mbao kwenye mvuke na kuipeleka kwenye ukame.

MBAO INAPUMUA, MWENZANGU

Mti ukishakatwa haufi moja kwa moja. Mbao huendelea kunyonya unyevu hewa ikiwa na majimaji, na kuutoa hewa ikiwa kavu. Ikinyonya inatanuka, ikitoa inasinyaa. Tena haisinyai kwa urefu, bali kwa upana. Ndiyo maana ufa wetu ulikuwa wa wima.

Sasa fikiria. Dar iko ufukweni, unaoga asubuhi na kabla hujafika kituoni umeshalowa jasho. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Midomo inayopasuka Julai ndiyo ushahidi wenyewe. Ikiwa ngozi yako inakauka, mbao itasalimika vipi?

Hesabu yake si ngumu. Kwa mbao nyingi, unyevu wa ndani ukishuka kwa asilimia 4, upana unapungua kwa karibu asilimia 1. Mlango wa sentimita 45 unakosa milimita 4 au 5. Ukiwa umegandishwa kwa gundi pande zote, hauna pa kusogea. Unachana.

Baada ya hapo tukafanya kosa la pili. Oktoba tukaita fundi wa haraka haraka, akaziba nyufa zote, na milango ya jikoni iliyokuwa na uwazi akaiongezea vipande ili ikutane vizuri. Ikapendeza. Januari mvua ikanyesha, mbao ikavimba, milango ikagoma kufunguka. Tukamwita tena akapiga randa. Septemba iliyofuata, uwazi ule ule ukarudi. Tulikuwa tunalipia kila msimu!

Aliyetuokoa ni seremala mmoja mtu mzima. Alipapasa kabati, akatingisha kichwa, akaniambia, "Binti yangu, hii mbao si mbaya. Ililetwa mbichi. Ingekaushwa hapa hapa kwanza, leo tusingekuwa tunaongea." Aliiacha izunguke msimu wa kiangazi na wa mvua, ndipo akaitengeneza. Mpaka leo imetulia.

KWANZA NYINYI WAWILI, FUNDI BAADAYE

Wengi tunamwita fundi kabla hatujaongea wenyewe. Matokeo yake mama anaelekeza hiki, baba anapiga simu kuelekeza kile, na fundi anafanya anachojua yeye. Jiulizeni mambo matatu.

Moja: nyumba ni ya nani? Kama mmepanga, kabati la kujengea ukutani ni zawadi kwa mwenye nyumba. Uhamisho ukija hamtalibomoa. Agizeni la vipande vinavyofungwa kwa skrubu, vipande vinavyopita mlangoni na kupakiwa garini. Ya kujengea moja kwa moja yasubiri nyumba yenu.

Mbili: litabeba nini? Hesabuni vitu, msihesabu milango. Nguo za kuning'iniza zinataka kina cha sentimita 60, la sivyo mlango haufungi. Kabati la chini la jikoni ni kina cha 60 na urefu wa karibu 90 kutoka sakafuni, ila mpishi mkuu akiwa mfupi lishusheni kidogo. Mgongo wake utawashukuru. La ukutani linatosha kina cha 30 hadi 35. Na msisahau ndoo na madumu ya akiba ya maji. Tengeni nafasi yake mapema. Mtungi wa gesi nao uwe mahali penye matundu ya hewa chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Tatu: pesa ni kiasi gani, na inatoka wapi? Kama ni mkopo wa Saccos, wote mjue marejesho ni ya miezi mingapi. Kabati linaloliwa kimya kimya kwenye mshahara wa mmoja huja kugeuka hoja siku ya ugomvi.

MBAO IPI, SEHEMU IPI?

Mninga, unaotoka zaidi kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, ni kipenzi cha maseremala kwa sababu ukishakauka husinyaa kidogo sana. Mkongo nao ni mgumu na mtulivu. Mtiki, unaopandwa Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, unavumilia maji na wadudu. Paini ya Sao Hill, Mufindi, ni nafuu na nyepesi, inafaa kwa fremu na rafu za ndani, ila lazima iwe imekaushwa na kupakwa dawa.

Si lazima kabati zima liwe mninga. Mnaweza kufanya milango na fremu za nje mninga, na mwili wa ndani plaiwudi. Plaiwudi ina tabaka zilizopishana, kwa hiyo haisinyai ovyo. MDF haipasuki kwa ukame, lakini maji yakiingia kwenye kingo zake inavimba kama andazi na hairudi tena. Isikae chini ya sinki, na kingo zake zote zizibwe.

Mlango wa mbao ngumu uwe wa fremu na paneli. Paneli ikae ndani ya mtaro wa fremu bila gundi, ili itanuke na kusinyaa humo humo bila mtu kujua. Ukiona fundi anapaka gundi paneli nzima, msimamishe.

Na mchwa, jamani! Dodoma wanajua kula. Msisimamishe kabati la jikoni moja kwa moja sakafuni. Jengeni kitako cha tofali na saruji cha sentimita 10, kipigwe vigae, na kabati likae juu yake. Mgongo wake upakwe dawa kabla haujaegeshwa ukutani.

Kwa msomaji wa Dar, Tanga au Zanzibar, adui yako ni ukungu na kutu. Acha upenyo mdogo kati ya kabati na ukuta hewa ipite, na nunua bawaba zisizoshika kutu. Na kama ni wewe unayetoka bara kwenda pwani, mambo yanageuka: milango iliyobana vizuri Dodoma itagoma kufunga Kigamboni.

BAJETI BILA PRESHA

Chukulia mmetenga shilingi milioni 4. Huu ni mfano wa kupigia hesabu tu, bei waulizeni wauzaji wa eneo lenu. Sisi tungegawa hivi:

Mbao na plaiwudi: 1,800,000
Ufundi: 1,000,000
Bawaba, reli za droo, vitasa na skrubu: 600,000
Gundi, msasa, vanishi na dawa ya mchwa: 200,000
Akiba: 400,000

Akiba isiguswe kwa urembo. Ni ya marekebisho baada ya msimu wa kwanza. Na mkizidiwa, punguzeni milango, msipunguze ubora wa bawaba na reli. Rafu ya wazi inaweza kuwekewa mlango mwakani, lakini droo inayokwama kila asubuhi mtaichukia wote wawili.

Mbao nunueni wenyewe mkiweza, mkiwa na fundi pembeni. Daini risiti, na hakikisheni muuzaji ana vibali vya mzigo wake. Mbao za misitu ya asili husafirishwa kwa hati, na Wakala wa Huduma za Misitu anaweza kuzikamata zisipokuwa nayo. Hapo bei ya kutupa inageuka hasara.

Malipo ya ufundi yagawanywe: asilimia 30 kuanza, 40 kabati likisimama, 20 likifungwa nyumbani. Ile 10 iliyobaki ilipwe baada ya mvua za kwanza, milango ikiwa bado inafunguka. Andikeni kwenye karatasi, msaini. Fundi mwenye uhakika na kazi yake atakubali. Fundi maiko ataanza hadithi.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

1. Mbao hizi zimekaushwa wapi na kwa muda gani?
2. Una kifaa cha kupima unyevu? Kama hana, kateni kipande kidogo, kipimeni kwenye mizani ndogo ya jikoni, kiacheni ndani ya nyumba wiki tatu, pimeni tena. Kikipungua uzito, mbao bado mbichi.
3. Utaruhusu mbao zikae kwenye nyumba yetu wiki kadhaa kabla ya kuchonga, zikiwa zimepangwa kwa fito katikati ili hewa ipite?
4. Paneli za milango utaziacha huru?
5. Vanishi utapaka pande zote, hata ndani na nyuma? Upande mmoja ukiachwa wazi, mlango unapinda.
6. Nani analipia usafiri na kufunga?
7. Naweza kuona kabati ulilotengeneza angalau mwaka jana?

Swali la saba ndilo kubwa. Kabati jipya linapendeza kila mahali. Nenda nyumbani kwa mteja wake wa zamani, fungua milango, vuta droo. Mwaka mmoja wa jua na mvua za Dodoma hautadanganya.

Lile kabati letu bado lipo. Ufa umezibwa, lakini ukisogea karibu unaonekana. Mwaka jana nilitaka libadilishwe mlango, mume wangu akakataa. "Uache," akasema, "unatukumbusha kuulizana kwanza." Safari hii sikuwa na la kujibu.